Penye Kibao Cheupe

Mchezo wa mwisho ulipokwisha, watu wa Milwaukee waliruka uzio, kila mtu aking'oa chake cha ukumbusho. Kesho uwanja wao wa besiboli ungebomolewa.

Bernice alikuja na spana ya kufungulia kiti chake. Badala yake alimpasua nayo kichwa bwana wa miraba minne aliyekuwa akichimba penye kibao cheupe, pale wanaposimama wapigaji.

Damu ikamtiririka bwana yule hadi ndevuni. "Una wazimu, bibi? Udongo tu huu! Kila mtu anachota!"

"Rudisha."

"Sirudishi!"

Bernice akainua spana tena. Kati ya vidole vya bwana yule vilivyolowa damu vilichungulia vipande vya mfupa, vidogo kama chenga za mchele.

"Majivu ya mume wangu hayo, niliyamwaga mwenyewe," alisema Bernice. "Fungua ngumi polepole. Usije ukampeperusha."