Ukuta wa Mwalimu Nyarangi

“Ukuta!” alinguruma Bonface Nyarangi, amesimama juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa. “Kutoka ziwani hadi Masai Mara, ukuta! Nyuma ya ukuta, jeshi! Na nyuma ya jeshi, mimi!”

Umati ukashangilia hadi kuku wakakimbilia migombani.

Nyarangi alijifuta jasho. Mwaka wa tisini na mbili aliukosa ubunge kwa kura mia mbili na kumi na mbili tu. Safari hii mkewe, Benta, hakumficha kitu: akianguka tena, atarudi Homa Bay kufundisha Jiografia, na kofia yake ya kampeni atavishwa mbuzi.

Ndiyo maana gari lilipokwama topeni nje ya Kegonga asubuhi ile, hakugeuka. Kerosi, mwenyeji aliyemkodi amwonyeshe njia, alimpitisha kwa miguu katikati ya mahindi na tumbaku mwendo wa saa nzima.

“Kule kuna kura, mzee,” Kerosi alimwambia. “Nyingi, na bado hazina mwenyewe.”

Na kweli watu walikuwa tele. Walimwamkia shikamoo, wakampa kiti, na mwenyekiti wa kijiji akamkaribisha kwa Kiswahili laini hata Nyarangi akatamani kumjua mwalimu aliyewafunza.

Sasa Kerosi alimvuta suruali. “Mzee, hayo ya mpaka punguza. Sema maji. Sema barabara.”

“Wewe nimekukodi unionyeshe njia au uwe waziri wa ulinzi?” Nyarangi alimnong’oneza kwa ukali, kisha akaurudia umati.

“Jirani ni mtu wa kuamkiana naye, ua ukiwa katikati. Humpi ufunguo wa nyumba! Ng’ombe wetu wanaibwa jioni wakilia Kikenya, kesho yake wanalia Kitanzania! Nikifika bungeni, balozi wao ataitwa ajieleze. Na asiye na kitambulisho havuki, hata awe shemeji yangu!”

“Hata shemeji?” mzee mmoja akauliza, na wenzake wakaanza kupigana mabega kwa kicheko.

“Hata mama mkwe!”

Hapo kicheko kilipasuka. Wanawake wakapiga vigelegele, mwenyekiti wa kijiji akajipangusa machozi kwa kofia. Nyarangi hakuwa amewahi kuona wazalendo wa namna hii. Kule mjini ukitaja usalama wa taifa watu hupiga miayo. Hapa walitaka arudie ile ya ng’ombe. Akairudia, mara hii akilia mwenyewe kwa lafudhi zote mbili.

Kisha akaona avune shamba likiwa limeiva.

“Wenye kadi za kura, ziinueni nizione!”

Kadi zikachomoka vifuani, mifukoni, kwenye vifundo vya leso. Nyarangi alihesabu safu ya kwanza, akazidisha kwa safu zote. Zilipita mia tatu! Moyo ulimruka. Kwaheri chaki. Kwaheri Kidato cha Pili na mito yao isiyoishia baharini.

“Na zote hizi ni zangu?”

“Zako, ndugu mgombea,” alijibu Mama Boke, ajuza aliyeketi mbele kabisa, fimbo mapajani. “Wenzako hutuma watu. Wewe umekuja mwenyewe, kwa miguu, na umetuchekesha. Sisi tunakuomba jambo moja tu.”

“Omba, mama! Omba hata kumi!”

Mama Boke akaigeuza kadi yake, akaifuta vumbi taratibu kwa kidole gumba.

“Huo ukuta ungoje kura zipite kwanza. Kutoka hapa Tanzania hadi kituo chenu cha kura ni mwendo wa saa nzima, baba, na kwa magoti yangu haya sitaweza kuuparamia.”