Kura ya Mvushaji

Gershom alisimama kwenye kibanda cha kura, kalamu ikimteleza katika kiganja chenye sugu za upondo, ule mti wa kusukumia mtumbwi. Miaka ishirini amevusha watu wa Kau kwa mtumbwi wake, na sasa wagombea wote wawili wameahidi daraja.

Jumapili mchungaji alisisitiza wamchague mkweli. Mkweli alikuwa mwalimu mstaafu, na balaa lilikuwa papo hapo: mwalimu akisema daraja, basi ni daraja. Na daraja likisimama, nani tena atapanda mtumbwi?

Mheshimiwa naye aliliahidi daraja hilohilo chaguzi tatu mfululizo, na mpaka leo watu wanavuka kwa upondo. Mwongo wa kutegemewa kabisa.

"Mungu wangu, hebu angalia kando kidogo," Gershom alinong'ona. Akamtia alama mheshimiwa, akaitumbukiza karatasi sandukuni kabla dhamiri haijaamka.

Karani alikuwa bado anampaka Gershom wino kidoleni, mara jirani yake akaingia mbio, leso inamdondoka.

"Wee Gershom! Safari hii mheshimiwa kafanya kweli! Malori matatu yamemwaga mawe na saruji pale kivukoni, na mafundi washaanza kuchimba!"

Foleni nzima ilipiga vigelegele. Gershom alikitazama kidole chake cheusi, kisha akaliinamia sanduku na kuchungulia ule mwanya wa juu.

"Mwanangu," alimwambia karani kwa upole, "mkono wangu si mnene sana. Hebu niache nijaribu."