Tairi za Nyuma za Dewey

"Za nyuma tu," Dewey Stucky alimwambia fundi tairi. "Za mbele usiziguse."

Alikuwa amepiga magoti, magoti yenyewe mabovu ya miaka sabini na moja, nyuma ya gari lake jekundu la Pontiac la mwaka 1969. Alikuwa akipima tairi kwa futi ya kushonea ya mkewe, tena bila ruhusa. Inchi ishirini na sita toka chini hadi juu.

"Nataka za ishirini na nane na nusu."

Virgil, fundi, alilamba uma wake polepole. Mezani kwake, kati ya kopo la grisi na soksi moja, kulikuwa na nusu ya pai ya cheri kwenye sahani yenye jogoo wa buluu.

"Zitaingia, ila kwa kubanana," alisema. "Shida ni mshale wa spidi. Wenyewe unahesabu mizunguko tu, na tairi kubwa huzunguka mara chache. Utasoma sitini, kumbe unakwenda sitini na sita."

"Loo! Kumbe!" alisema Dewey, akijitia kushangaa.

Ndicho hasa alichokifuata. Mwezi wa tatu alikuwa amelikimbiza gari maili tisini na tano kwa saa kwenye barabara ya mashamba, mchungaji akiwa siti ya nyuma. Mchungaji aliposhuka alikuwa anasali kwa sauti. Jioni hiyo Maxine, mkewe, alitoa hukumu: mshale ukivuka sitini, hata mara moja, gari anauziwa Lamar.

Lamar ni shemeji yake Dewey, mtu anayeendesha kama amepakia mayai ya watu, na alishasema angelipaka gari lile rangi ya uji. Tena Maxine hakuwa anatania, kwa sababu kadi ya gari ilikuwa na jina lake. Dewey mwenyewe ndiye aliyeliandika mwaka 1988, kwa ujanja wa kupunguza bima. Mjinga hakumbuki kamba aliyoisuka mpaka aione shingoni.

Tangu hapo kila Jumapili Maxine alikaa pembeni yake, pochi mapajani, macho kwenye mshale. Na sitini ya siku hizi, Dewey aliapa, haikuwa sitini ya zamani. Ilikuwa sitini ya konokono. Vibibi walimpita. Jumapili iliyopita lilimpita lori la nguruwe, na nguruwe mmoja akamwangalia kwa huruma. Hilo lilimuuma Dewey kuliko talaka.

"Sasa sikiliza, mzee," alisema Virgil. "Kwenye giaboksi kuna kigurudumu cha meno, kidogo tu, cha plastiki. Ndicho kinachoupelekea mshale habari. Mtu mwaminifu akibadili tairi hubadili na hicho, ili mshale useme kweli. Nikibadili?"

"Kiache kama kilivyo."

"Kama kilivyo?" Virgil alipaliwa na pai, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. "Una hakika? Hutaki hata nikichungulie?"

"Ukikigusa nakukata mkono. Na Maxine asijue neno."

"Mimi tena? Siri za wateja nazizika hapa hapa," alisema Virgil, akajipiga tumbo.

Jumapili asubuhi Maxine alilizunguka gari mara mbili.

"Mbona limebinua matako?"

"Ndivyo ilivyokuwa mtindo mwaka sitini na tisa, mke wangu."

"Hata wewe ulikuwa na matako mwaka sitini na tisa," alisema Maxine, akapanda.

Wakatoka. Mahindi ya Indiana yalikuwa yamefika kifuani, barabara imenyooka, na Dewey akakanyaga mafuta mpaka mshale ukagusa sitini. Akauacha hapo, kwa adabu kabisa. Lo, raha iliyoje! Gari lilinguruma, mahindi yakakimbia kurudi nyuma, na mbele yao akaliona lile lori la nguruwe. Akalipita. Akampungia mkono nguruwe.

 Maxine alikuwa ameegemea kiti, anatabasamu kidogo, jambo ambalo lingemtia wasiwasi mume yeyote mwenye akili. Dewey aliona ni baraka za Jumapili.

Walipokata kona ya daraja, Dewey akakodoa macho. Kando ya barabara sherifu alikuwa ameweka ubao wa taa, ule wa kumwambia kila dereva spidi yake kwa tarakimu kubwa kama mlango. Akikanyaga breki ghafla, Maxine atauliza kwa nini. Asipokanyaga, 66 itawaka mbele ya macho ya mwenye kadi. Alishaliona gari lake kwa Lamar, rangi ya uji, limefunikwa shuka. Akashika usukani kwa mikono miwili na kumwomba Mungu aunguze balbu.

Ubao ukapepesa, ukawaka: 60.

"Sitini?" Dewey alipayuka kabla hajajizuia. "Ilitakiwa iwe sitini na sita!"

"Sitini?" Maxine alipayuka papo hapo, kwa sauti kubwa kuliko ya mumewe. "Ilitakiwa iwe hamsini na tano!"

Dewey akaukazia macho mshale, Maxine akaikazia macho pochi yake.

"Pai tatu nimempikia yule Virgil abadili kigurudumu kimoja cha plastiki," alisema Maxine mwishowe. "Na sahani yangu ya jogoo hajarudisha."