Mbeleko

Uvumi kwamba bwawa la juu limepasuka ulimganda Mama Tuzo tangu asubuhi. Akafunga masufuria, akayafungua, akatia unga, akautoa, akaurudisha, mwisho akakaza fundo kwa meno.

"Mimi utanishika mkono," alisema mama mkwe, fimbo mkononi. "Na Tuzo utambeba na nini?"

Mama Tuzo akatazama. Mzigo alikuwa ameufunga kwa mbeleko.

Nje watu walianza kukimbia.

"Achana na masufuria, mwanangu. Huko tuendako watatupikia."

"Nafungua tu, mama."

Akamketisha Tuzo sakafuni, apate mikono miwili. Maji yakaingia chini ya mlango.

Usifunge vyombo kwa mbeleko. Usibishane na fundo. Usimweke mtoto chini.