Ukuta wa Utulivu

Jirani yangu Mama Shadya anadai mwanawe alimwagikiwa chai ya moto mkononi, akaendelea kutabasamu.

"Acha kutia chuku, shoga," nikamcheka.

Siku hizi kila chumba cha mtoto lazima kiwe na ukuta wa utulivu, unaowatuliza watoto wasilie. Fundi akaja kuniwekea wangu, wa rangi ya maziwa, wenye mawingu yanayotembea polepole.

"Dada, sasa utalala kama malkia," akaniambia. Kweli, binti yangu Mwanaharusi akanyamaza palepale.

Leo nimemgusa, mwili unachemka kwa homa, naye anayachekea mawingu. Sijui imemwanza lini. Nimemfunga mgongoni kwa kanga, nikamtoa nje hadi uani, mbali na ukuta, nikamfinya mguu. Kimya.

"Lia, mama. Lia kidogo tu, nijue panapouma."