Kisigino cha Kulia

Wanawake waliouza mafuta ya magaga nyumba kwa nyumba walikutana kila Jumamosi barazani kwa kiongozi wao, Bi Nuru. Siku hiyo Mwajabu alimleta Shomari, fundi baiskeli, ajiunge nao.

"Huyu naye tumfunge kanga?" mmoja akauliza. Wakaangua kicheko.

Shomari alivua viatu, akaketi, akanyoosha miguu mkekani. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimepasukapasuka. Cha kulia, alichokipaka mafuta mwezi mzima, kiling'aa. Kicheko kikakatika. Mikono ikaanza kukigusa.

"Wanaume wa mtaani wana magaga kutushinda," alisema Mwajabu, "ila sisi hawatatuvulia viatu."

"Umeleta mwanamume bila kuniuliza," alisema Bi Nuru. "Niombe radhi."

"Mpe makopo yake ya mafuta akauze, Bi Nuru. Radhi siombi."