Mgongo wa Baba

Mgeni alishuka kwenye pikipiki, akafuta vumbi usoni, akauliza hata kabla ya salamu: "Kwa Mulongo Séraphin njo hapa?"

Mwenyewe alikuwa amelala barazani, kifudifudi juu ya godoro. Aliinua mkono mmoja tu.

Mgeni alikuwa muuguzi. Daktari wa upasuaji amefika kutoka Lubumbashi, atakaa Kamina siku nne, na kati ya picha za eksirei za migongo alizotumiwa kwa simu, ndogo kama stempu, amechagua watu watano. "Yako iko mubaya sana, papa. Kesho, saa kumi na mbili asubuhi. Ukimukosa, mwaka kesho hautatembea. Na anataka kuona foto yenyewe, ile ya kubwa. Bila ile hakati muntu."

"Na ya mama?" aliuliza Glodie, binti yao, aliyesimama mlangoni pa jiko na mwiko mkononi.

Muuguzi alitazama karatasi yake. "Ya mama iko muzuri. Ni kuchoka tu. Asibebe bintu bizito."

Saa hiyohiyo mama, Lucienne, aliingia uani na bidoni ya maji ya lita ishirini kichwani. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilichora mstari mchangani nyuma yake.

Glodie aliutazama mstari ule, na hasira ikampanda. Baba na mama walipigwa picha siku moja, katika zahanati ya watu wa reli. Baba alikuwa ameumwa wiki mbili, mama miaka sita. Baba aliingia kwanza, akavuliwa shati, akalazwa polepole kama yai. Mama aliingia wa mwisho. Fundi wa picha alitaka kwenda kula. Hakumwambia hata alegeze kitenge. Dakika mbili, akatoka. Kadi hakuwa nayo, maana wake za wafanyakazi wa reli hutibiwa kwa kadi za waume zao. Hata bahasha yake iliandikwa jina la baba, kana kwamba mgongo ule nao ni mali ya reli.

Mchana baba mdogo Kapenda alikuja na ndugu wengine wawili. "Yaya, kubali," alimwambia kaka yake. "Weye njo unabeba hii nyumba."

"Nimekubali zamani," akasema baba.

Na ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyemuuliza nani atapika, nani atateka maji, nani atabaki na wadogo. Mama alipotaja mgongo wake mwaka jana, aliulizwa yote hayo kwa pamoja, akaishia kucheka na kurudi jikoni.

"Baba mdogo," alisema Glodie, "mama naye apelekwe. Yule daktari amuangalie tu."

Kapenda alicheka. "Mama yako? Anatembea. Muntu mwenye kutembea iko mugonjwa wa nini?"

"Anatembea sababu baba iko analala."

Kapenda alimtazama kuanzia miguuni hadi kichwani. "Diploma yako njo inakufundisha kujibu bakubwa hivi?"

"Wacha, Glodie," mama alisema taratibu. "Minyi nitalala siku yangu."

Kapenda alitaka wampeleke mgonjwa hospitali mapema, akalale huko. Kabla hajapanda pikipiki, baba alimshika mkewe mkono, na sauti yake ikawa ya mtu mwingine. "Lucienne, naogopa kisu."

"Najua."

"Foto itakunjika kwa pikipiki. Ulete weye mwenyewe, kwa mikono yako. Usitume mutoto."

"Nitaleta."

Baba akakaa katikati ya dereva na Kapenda, wakaondoka wakiruka mashimo.

Alfajiri mama alitoa sandukuni bahasha moja kati ya zile mbili, ile ambayo zahanati iliitia alama nyekundu ya picha mbaya, akafunga mlango, akaufunga ufunguo kwa fundo kwenye pindo la kitenge kiunoni, kama alivyofanya kila siku tangu aolewe. Pikipiki hakutaka. Mara ya mwisho mashimo yale yalimtoa machozi. Walikwenda kwa miguu, Glodie amebeba sufuria na blanketi za mgonjwa.

Kwenye kivuko cha reli mama alisimama, akashika nguzo. Mbele ya soko alisimama tena. Mara ya tatu aliinama, na jasho likamtoka ingawa kulikuwa na baridi.

"Mama, nipe bahasha. Ukae hapa."

"Nilimwambia mikono yangu."

"Baba hatajua."

"Minyi nitajua."

Glodie alimchukia baba yake kwa hatua zote zilizobaki. Kisha akajichukia kwa kumchukia, na hasira haikupungua hata kidogo.

Walifika saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Baba alikuwa amekaa kitandani, amevaa gauni la hospitali, mgongo umenyooka kama wa mwanafunzi. Alipomwona mkewe aliinuka mara moja, akamshika mikono yote miwili. "Umeleta."

"Nimeleta."

Daktari aliipokea bahasha, akasoma jina kwa sauti, akatoa picha na kuiinua dirishani. Mama alirudi nyuma hadi ukutani, akauegemea. Ahadi yake ilikwisha.

Daktari alitazama kwa muda mrefu. Aliisogeza picha karibu na kioo.

"Mzee Mulongo," alisema, kidole chake kikiwa kando kidogo ya mfupa ulioharibika. "Siku ya foto, huu ufunguo kiunoni ulikuwa wa nini?"

"Ufunguo?" Baba alitabasamu, woga umemtoka kidogo. "Minyi sibebake ufunguo, dokta. Kwangu napigaka hodi."

Nyuma yake, ukutani, Lucienne alikuwa anahangaika na fundo la kitenge chake, ampe Glodie ufunguo akawashe moto nyumbani.